UZI: Mzee alianza kujikuna siku ya pili ya mofini. Miezi nane baadaye nimeelewa mwili unazoea nini na hauzoei nini

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuahirisha mara nyingi ila juzi mtu kanipigia simu akaniuliza swali lilelile nililokuwa nauliza mimi mwanzoni, kujikuna baada ya mofini ni mzio au sio, nikaona niandike yote sehemu moja ili mwenye mgonjwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya opioidi (mofini, kodeini, tramadoli, oksikodoni, petidini, fentanili) asome. Mimi sio daktari, ni mtoto niliyemuuguza baba yangu, na nilikuwa na daftari naandika kila kitu, dozi kanywa saa ngapi, kalala saa ngapi, choo kapata au hajapata, kajikuna wapi. Hilo daftari ndio lililonifungua macho, kwahiyo mengi mtakayosoma hapa yametoka humo na kwa muuguzi mmoja ambaye sitamsahau.

Mzee alikuwa na saratani ya tezi dume ikawa imehamia kwenye mifupa. Akaanzishiwa mofini ya maji, ya kunywa kila baada ya masaa manne. Siku ya kwanza alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki nyingi, tukashukuru Mungu. Siku ya pili jioni namuona anasugua pua. Anaisugua kwa kiganja, toka chini kwenda juu, kama mtoto mwenye mafua, anaacha, dakika mbili anarudia. Ikahamia mashavuni, shingoni, kifuani, kufika usiku anajikuna mgongo kwenye ukingo wa kitanda mpaka shati linapanda juu. Nikawasha taa nikamkagua ngozi, hakuna vipele, hakuna uvimbe, ni michirizi ya kucha zake tu.

Sisi nyumbani tukasema huu ni mzio, tukasitisha dawa. Saa kumi alfajiri maumivu yakarudi yote kwa pamoja na mzee wangu, ambaye toka nizaliwe sikuwahi kumsikia akilia, alilia. Asubuhi tukampeleka kituoni, aliyetupokea hakuuliza maswali mengi, akaandika juu ya faili kwa kalamu nyekundu: MZIO WA MOFINI. Maneno matatu hayo yalitutesa. Kila tulipoenda mtu akifungua faili anakutana nayo anarudi kwenye dawa za chini ambazo kwa maumivu ya mifupa ni kama hujampa kitu. Siku tisa mzee alikaa hivyo. Mpaka leo nikizikumbuka siku tisa zile nasikia vibaya, maana hazikuwa na sababu.

Aliyetutoa pale ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani ile ya kupunguza maumivu na mateso ya wagonjwa mahututi. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda akamuuliza mzee mwenyewe, sio mimi: Baba, midomo ilivimba? Ulimi? Ulikosa pumzi, kifua kikapiga filimbi? Ulipata malengelenge yaliyoinuka mwili mzima? Ulizimia? Yote hapana. Akasema basi mzio wa kweli wa mofini ni nadra sana na dalili zake ndio hizo, hiki kilichokupata ni tabia ya dawa yenyewe na kwa watu wengi mwili unaizoea ndani ya siku chache mpaka wiki mbili hivi. Nikamuuliza kwanini watu wengine hawajikuni, akanieleza kwa namna ambayo nimeishika mpaka leo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kwenye ngozi. Chini ya ngozi kuna seli zinazohifadhi histamini, ile kemikali inayoleta muwasho na wekundu. Kwenye mzio wa kweli kinga ya mwili ndio inayozifungua seli hizo, ila mofini, kodeini na petidini zinazifungua zenyewe moja kwa moja bila kupitia kinga, kwa mtu yeyote, hata asiye na mzio wowote. Akanipa mfano: kwenye vipimo vya mzio vya kuchoma ngozi, tone la kodeini huwa linatumika makusudi kuonyesha kwamba ngozi ya mtu inaweza kujibu, kwa sababu karibu kila mtu anavimba pale. Kwahiyo ukimchoma mtu mofini kwenye ngozi kisha useme ana mzio kwa sababu pamevimba, utawaandika watu wote kuwa wana mzio. Fentanili haina tabia hiyo ya kufungua histamini.

Njia ya pili ni ya kwenye mishipa ya fahamu, ndani ya uti wa mgongo na ubongo. Vipokezi vilevile ambavyo dawa inavishika ili kuzima maumivu ndivyo vinavyofungulia muwasho, hasa usoni na puani. Huu hauna uhusiano na histamini ndio maana vidonge vya mzio mara nyingi havifanyi kitu zaidi ya kumlaza mgonjwa, na kulala juu ya kulala kwa mtu anayetumia mofini sio jambo la kuchezea.

Basi mzee akaanzishwa upya, dozi ndogo, ikapanda taratibu. Ninalo daftari hapa. Siku ya kwanza: "anajikuna mpaka saa nane usiku." Siku ya pili hivyohivyo, tukampaka mafuta mazito ngozi isikauke, tukamkata kucha, tukamwekea kitambaa chenye maji baridi shingoni. Siku ya tatu: "pua tu." Siku ya nne: "pua, kidogo." Siku ya sita sijaandika chochote kuhusu kujikuna na wala sikujua kwamba sijaandika mpaka wiki iliyofuata nilipokuwa napitia kurasa. Uliondoka bila kuaga. Na maumivu yalikuwa yametulia kwa dozi ileile.

Sasa hapo ndio nataka mnielewe, kwa sababu ndio kiini cha uzi huu. Mimi nilidhani mwili ukizoea dawa unaizoea yote, kama mtu anavyozoea baridi. Sivyo. Kila kitu kinachofanywa na hii dawa kina saa yake. Usingizi mzito na kichefuchefu vilimtoka mzee ndani ya wiki ya kwanza. Muwasho siku sita. Ila choo, wakuu, choo hakikuzoea. Mwezi wa kwanza kimefunga, mwezi wa nane kimefunga, tungeacha dawa ya kulainisha hata siku mbili ilikuwa shida nyingine kabisa. Mboni za macho nazo zilibaki ndogo kama kichwa cha pini muda wote. Mdomo mkavu vilevile. Yule muuguzi alikuwa ametuambia toka siku ya kwanza, dawa ya choo inaanza siku moja na mofini na inaisha siku moja na mofini, msisubiri kuona kama atazoea kwa sababu hatazoea. Sisi tulichelewa siku nne na hizo siku nne mzee alizilipia.

Dozi ilipopandishwa wiki ya tano muwasho ulirudi siku mbili, pua tena, kisha ukapotea. Kwahiyo ukiongezewa dozi ukajikuna kidogo usishtuke, saa inaanza upya kwa kile kiasi kipya.

Nimeandika kwa urefu, mnisamehe. Mwenye swali aulize, na wataalamu mnisahihishe nilipokosea.

mama_wawili

Pole sana kaka kwa kuuguza. Mimi yangu ni tofauti kidogo, nilifanyiwa upasuaji wa kujifungua nikachomwa ganzi ya mgongoni, waliniambia kuna mofini kidogo humo ndani ili maumivu ya baadae yasiwe makali. Kweli maumivu hayakuwa makali ila nilijikuna uso mpaka mtoto nashindwa kumshika vizuri, pua, kope, paji la uso, kifua. Nikapewa sindano ya mzio nikalala tu na nikiamka bado nawashwa. Kesho yake mchana ukaisha wenyewe. Mbona mimi dozi yangu ilikuwa ndogo sana kuliko ya mzee na nilijikuna kumzidi?

Muuguzi wa Zamu

Mama wawili nakujibu mimi, nipo kwenye kazi hii miaka mingi. Mleta uzi umeeleza vizuri, sina la kusahihisha kwenye hizo njia mbili.

Dozi yako ilikuwa ndogo ila imewekwa palepale kwenye uti wa mgongo ambako muwasho wa njia ya pili unazaliwa. Anayekunywa kwa mdomo, wanaowashwa wanakadiriwa asilimia 2 mpaka 10. Anayechomwa mgongoni ni kati ya asilimia 30 na karibu wote, na waliotoka kujifungua ndio wanaoongoza. Na kwa sababu ni mara moja tu mwili haupati nafasi ya kuzoea chochote, unasubiri dawa iishe, ndani ya siku moja hivi inaisha. Kinachosaidia pale ni dawa zinazogusa vipokezi vyenyewe, nalbufini au naloksoni kwa kiasi kidogo sana, kinapunguza muwasho bila kurudisha maumivu ikiwa kimepimwa sawasawa. Hizo zinatolewa wodini, mgonjwa anaangaliwa, sio kitu cha nyumbani.

Na neno moja kuhusu faili. Wenzangu mnaosoma, tafadhali andikeni kilichotokea, msiandike hukumu. "Aliwashwa usoni siku ya 2, hakuwa na vipele wala kukosa pumzi" inamsaidia kila atakayefuata. "Mzio" inamfungia mgonjwa mlango. Na wewe ndugu wa mgonjwa una haki ya kuomba hilo lirekebishwe baada ya daktari kupitia historia, omba kwa upole lakini usiondoke mpaka liandikwe.

kijana_mpole

Swali, na naomba msinicheke. Bro wangu alipata ajali, anatumia oksikodoni wiki ya tatu sasa. Mwanzo alikuwa anawashwa sana sasa hivi hawashwi kabisa. Yeye anasema kutowashwa ni dalili kwamba dawa imechuja, haifiki tena, kwahiyo anataka aongeze mwenyewe. Ni kweli?

Mleta uzi

Hakuna wa kukucheka mdogo wangu, ni swali zuri kuliko yote na hata mzee aliwahi kuniuliza. Muwasho ukiondoka haimaanishi kazi ya dawa kwenye maumivu imeondoka. Ni saa mbili tofauti. Muulize bro maumivu yenyewe yakoje, anaweza kulala, anaweza kugeuka kitandani, anaweza kutembea hatua zilezile za wiki iliyopita? Kama anaweza basi dawa ipo kazini. Kama maumivu kweli yamezidi aende aliyemwandikia, inawezekana kidonda kina tatizo, inawezekana kweli mwili umeanza kuzoea upande wa maumivu, hayo ni ya kupimwa. Ila asiongeze mwenyewe. Muuguzi naomba umuongezee hapa kuhusu kupumua.

Muuguzi wa Zamu

Ndio, na nitasema taratibu kwa sababu hapa watu wanapotea. Mwili unazoea pia ile athari ya kupunguza pumzi, lakini hauzoei kwa ukamilifu na hauendi mwendo mmoja na ile raha au ile ahueni. Mtu anaweza kuwa hawashwi, hana kichefuchefu, halewi tena, anajiona yuko kawaida kabisa, akaongeza, kumbe upande wa pumzi hajabaki na nafasi kubwa kama anavyodhani. Akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi au vile vya mzio vinavyolaza ndio mbaya zaidi. Kukosa muwasho hakupimi usalama. Hilo mwambie bro kwa sauti yangu.

Dalili za kuwahisha mtu: haamshiki, anavuta pumzi chache na hafifu au anakoroma isivyo kawaida, midomo inaenda rangi ya bluu, mboni ndogo sana. Mlaze ubavu, ita msaada, kama pumzi hazipo msaidie kupumua, kama naloksoni (dawa inayoondoa athari za opioidi) ipo apewe, na hata akiamka asiachwe peke yake kwa sababu naloksoni inadumu dakika 30 mpaka 90 tu na dawa iliyomlaza inaweza kudumu kuliko hapo, akazama tena.

nimetoka_huko

Mimi nilikuwa mtumiaji, sio wa hospitali, wa mtaani. Nimeacha, ni mwaka wa nne. Nachangia kwa sababu hapo mmegusa kitu kilichomchukua rafiki yangu.

Sisi muwasho tulikuwa tunauona ni dalili ya dawa nzuri, mtu mpya akijikuna pua wenzake wanasema imemfika. Baada ya miezi hujikuni tena na raha yenyewe haipo tena, unatumia ili usiumwe. Sasa rafiki yangu alikaa ndani wiki saba. Katoka, akarudia kile kiasi alichokuwa anatumia siku aliyokamatwa, kichwa chake kilikuwa kinakumbuka kiasi, mwili ulishasahau. Tulimkuta amekaa, ameegemea ukuta, ana alama za kucha shingoni. Yaani alijikuna, kama mtu mpya. Mimi ile picha haiwezi kunitoka. Mwili ulikuwa umerudi kuwa mgeni.

Kwahiyo kwa yeyote aliyekatisha dawa, iwe ya mtaani iwe ya hospitali, kwa siku kadhaa tu, usirudie pale ulipoachia. Nisingependa mtu mwingine ajifunze hilo kama tulivyojifunza sisi.

Muuguzi wa Zamu

Pole sana ndugu, na hongera kwa miaka minne. Ulichosema ni kweli tupu. Uzoefu wa mwili unajengwa kwa wiki na unabomoka kwa siku chache mpaka wiki chache. Wiki mbili za kwanza baada ya mtu kutoka gerezani au kwenye nyumba ya kuachia dawa zinajulikana kuwa ndio za hatari kubwa kabisa. Kwa wagonjwa wetu pia, aliyelazwa akakaa bila mofini siku kadhaa anaanzishwa upya kutoka chini, daktari anapanga. Mleta uzi alivyosema mzee alikaa siku tisa bila dawa kisha wakaanza na dozi ndogo, walifanya sawa.

Mtazamaji

Nimewasoma wote. Ila nyie mnaosifia mofini mnajua mnatengeneza mateja? Mama yangu mdogo anaumwa, madaktari wanataka kumuanzishia, mimi nimekataa. Mwili ukishazoea si ndio uteja huo?

Mleta uzi

Ndugu nakuelewa kabisa kwa sababu na mimi nilikuwa na hofu hiyohiyo, na hofu yangu ilimgharimu mzee. Nikuambie nilivyoelewa. Mwili kuzoea dawa ni jambo moja: kiasi kilekile kinaleta athari ndogo kuliko mwanzo. Mwili kuitegemea ni jambo la pili: ukiikata ghafla unapata kamasi, miayo, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, ndio maana inapunguzwa polepole. Haya mawili yanampata karibu kila mtu anayetumia kwa wiki nyingi, hata mtakatifu. Uraibu ni jambo la tatu, ni pale mtu anapoisaka dawa hata inapomuharibia maisha, hawezi kujizuia. Lipo, linatokea, aliyewahi kuugua uraibu wa kitu chochote aseme mapema kwa daktari. Lakini mzee wangu kwa miezi nane hakuwahi kuniomba dozi kabla ya muda, alichoomba ni kukaa nje jioni. Na mofini ndio iliyomwezesha kukaa nje jioni. Naomba umuulize mama mdogo mwenyewe anataka nini, yeye ndiye anayeumwa.

Msomaji wa Maabara

Nyongeza ya kisayansi kidogo kwa wanaopenda. Vipokezi vya opioidi vilithibitishwa kwenye ubongo 1973, na miaka miwili baadae ikajulikana mwili wenyewe unatengeneza opioidi zake. Hii inahusika na muwasho kwa namna ya ajabu: watu ambao nyongo imeziba wanawashwa mwili mzima hata kama hawajawahi kunywa mofini, na baadhi yao wanapata nafuu kwa naltreksoni ambayo ni dawa ya kuzuia opioidi. Yaani zile za mwilini mwao wenyewe zinachangia kuwawasha.

2011 kuna utafiti kwa panya ulioonyesha kwamba muwasho na kutuliza maumivu kwenye uti wa mgongo vinaweza kutenganishwa, ukazuia njia ya muwasho na mofini ikaendelea kutuliza maumivu kama kawaida. Huenda ndio maana hata mwili unavizoea kwa mwendo tofauti, sio waya mmoja. Na kuhusu choo, kwa kuwa utumbo mpana karibu hauzoei kabisa zimetengenezwa dawa zinazozuia opioidi kwenye utumbo bila kuingia kwenye ubongo, methilinaltreksoni iliruhusiwa Marekani 2008 na naloksegoli 2014. Kwa anayeshindwa na dawa za kawaida za kulainisha, aulize kama zinapatikana.

dada_wa_pili

Samahani naingia nimechelewa. Baba yetu anatumia mofini mwezi wa sita sasa, dozi haijabadilika miezi miwili. Mwanzo aliwashwa kidogo ukaisha. Wiki hii ameanza tena kuwashwa, safari hii miguu na mikono na mgongo, na analala sana mchana. Nilivyosoma hapa nimeona nisubiri siku sita atazoea tena, au?

Mleta uzi

Dada USISUBIRI. Naandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Hiki ndicho kilichompata mzee mwezi wa tano na nilikuwa sijafika kukisimulia.

Muwasho wa mofini unatangulia. Unakuja dawa inapoanza au dozi inapopanda. Unaokuja baada ya miezi, dozi ni ileile, una mwenyewe mwingine, na lazima atafutwe. Mzee alianza hivyohivyo, miguu kwanza. Mimi kwa ujuaji wangu nikaandika "muwasho umerudi, atazoea." Siku ya tatu yake nampa maji, naona mkono unaruka. Ameshika kikombe, mkono unashtuka kama mtu aliyeguswa na umeme, maji yanamwagika, anatulia, unashtuka tena. Na usingizi, unaongea naye anakatika katikati ya neno. Nikampigia muuguzi, akaniuliza swali moja tu: mkojo anapata kiasi gani? Nikaangalia daftari. Nilikuwa naandika choo, mkojo sikuwa naandika.

Figo zilikuwa zimeelemewa, uvimbe wa tezi dume ulikuwa umebana njia ya mkojo. Muwasho wenyewe ulikuwa unaletwa na figo, na mofini ikishavunjwavunjwa na ini mabaki yake yanatolewa na figo, figo zikigoma mabaki yanajaa, ndio kule kulala na kurukaruka kwa mikono. Dozi ambayo mwili wake ulikuwa umeizoea kabisa ikawa kubwa bila mtu kuongeza hata tone. Alilazwa, akawekewa mpira wa mkojo, akabadilishiwa kwenda plasta ya fentanili ambayo haitegemei figo kwa namna ile. Na walipobadilisha hawakumpa kiasi kinacholingana moja kwa moja, walipunguza, daktari akasema mwili ukizoea dawa moja haimaanishi umeizoea na ndugu yake kwa kiwango hichohicho, huwa wanakata asilimia 25 mpaka 50 kisha wanapanda kwa kuangalia.

Angalia macho ya baba kama yana unjano, angalia mkojo una rangi gani na kiasi gani, angalia kama mikono inarukaruka. Mpeleke leo. Usimkatishie dawa mwenyewe, ila mpigie anayemhudumia kabla ya dozi inayofuata umueleze kama ulivyotueleza sisi, na ukimuona haamshiki vizuri usimpe dozi, mkimbize.

Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono kila neno. Dada vipimo vya figo na ini vifanyike leo. Pia wakague ngozi vizuri, wagonjwa wa kitandani wanapata ngozi kavu sana na hata upele, na hayo yote huwa tunayasingizia mofini.

dada_wa_pili

Mkojo ni kidogo kweli, tumezoea tukajua ni kwa sababu hanywi maji. Naita gari.

kijana_mpole

Mleta uzi hiyo plasta ya fentanili mzee hakuwashwa?

Mleta uzi

Aliwashwa, ila pembe nne tu. Nilipobandua plasta ya kwanza baada ya siku tatu ngozi chini yake ilikuwa nyekundu umbo lilelile la plasta, kama mtu aliyepigwa muhuri, na ndio hapohapo tu anapowashwa. Hiyo ilikuwa gundi. Tukawa tunahamisha sehemu kila tunapobadilisha, kifuani kulia, kushoto, mkono wa juu, ngozi imeoshwa kwa maji matupu na imekauka, ikatulia. Na tulikatazwa kabisa kumwekea chupa ya maji ya moto au blanketi la umeme karibu nayo kwa sababu joto linaifanya dawa iingie mwilini haraka kuliko ilivyopangwa.

Mzee alifariki mwezi wa nane, nyumbani, hakuwa na maumivu. Ukurasa wa mwisho wa daftari nimeandika "kalala saa tatu, hajajikuna, mkojo rangi ya kawaida."

dada_wa_pili

Nimerudi. Ni siku ya pili. Figo ndio zilikuwa zimeshuka, wamempunguzia mofini kwanza halafu leo wamembadilishia. Daktari aliuliza nani kanishauri niangalie mkojo na mikono. Muwasho bado upo kidogo ila anaongea vizuri, kaniuliza mbona nina sura ya mtu ambaye hajalala. Nimenunua daftari. Nimechora mistari ya saa, dozi, choo, mkojo, anapowashwa. Kuna kingine niongeze?

Mleta uzi

Ongeza safu ya pumzi, hesabu kwa dakika nzima akiwa amelala. Na moja ya jambo alilotaka siku hiyo.